Kengele ya Ijumaa

Wengi wetu tunadhani Mungu akitaka mtu wa kazi yake huanza kutafuta kwenye kwaya. Akikosa huko anapita halmashauri ya walei. Akikosa na huko, basi anaangalia waliokaa mabenchi ya mbele, wenye viatu vilivyopigwa rangi. Teodori hakuimba, hakuwa na cheo, na viatu vyake vilikuwa vimefunguka mdomo kana kwamba vina jambo la kusema. Alikuwa mpiga kengele wa kigango, na hata hiyo kazi hakupewa kwa sifa. Alipewa kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa jirani na kengele.

Kigango chenyewe kiko nyuma ya Chala, kule juu ambako upepo unamfanya hata mbuzi atafute ukuta. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma, na bila majivuno, ni zuri kuliko la parokia moja ambayo hatutaitaja ili tusigombane. Kasoro yake ni moja tu: halijawahi kupata kengele ya kweli. Kengele ni rimu ya lori iliyofungwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Jumapili inalia mara ya kwanza watu wavae, inalia mara ya pili watu watoke. Siku nyingine yoyote ikilia, mtu amekufa. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Padri anafika mara chache, barabara ikikubali. Siku zilizobaki ibada anaongoza katekista Adolfu, na rimu anayo Teodori.

Mkewe, Salome, ndiye aliyekuwa kalenda ya nyumba ile. Jumamosi jioni alimtundikia shati msumarini, na Teodori akiliona shati alijua kesho ni kengele. Ndoa yao haikuwa na maneno mengi zaidi ya hayo, na hakuna aliyelalamika. Mwaka jana, mahindi yakiwa yamefika magotini, Salome akaumwa tumbo, akapelekwa hospitali mjini, akarudishwa amefungwa shuka jeupe.

Siku ya mazishi watu walimtazama Teodori wakingoja alie. Na hapa kwetu kulia tunajua. Mtu wa nje akipita anaweza kudhani tumekufa wote. Teodori akauliza chekeche liko wapi, maana wageni wangehitaji unga. Wengine wakasema ana roho ya jiwe. Wengine wakamtetea, wakasema atalia baadaye, kila mtu na saa yake. Hiyo baadaye ikaja, ikapita, ikaenda zake. Moyo wake ulikuwa umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiufinya unaona vidole vinafinya lakini husikii mtu yeyote akifinywa.

Aliendelea kupiga rimu kwa sababu mkono ulishazoea. Akisali, maneno yalitoka kinywani yakaanguka hapo hapo karibu na miguu yake. Siku moja alimwambia Adolfu kwamba anataka kuiacha ile kazi, apewe mtu mwenye moyo. Adolfu alikuwa na haraka. Akamjibu kwamba rimu haihitaji moyo, inahitaji nondo.

Sasa, bondeni chini ya kijiji waliishi wafugaji waliohamia kutoka upande wa Kahama, na mkubwa wao alikuwa Shigela, mtu mrefu, mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Baada tu ya msiba wa Salome, ng'ombe hao walivunja zizi wakapanda mashambani. Walikula mahindi ya Eustace, mwenyekiti wa kigango, ambaye akikohoa kijiji kizima kinajua nani kakohoa. Wakala na shamba la Teodori, yale mahindi ambayo Salome aliyapanda kwa mkono wake. Kesi ikaenda kwa mtendaji, ikarudi, ikaenda tena. Katikati ya kwenda na kurudi huko Eustace akasimama baada ya ibada akatangaza kwamba watu wa bondeni wasipande kanisani kwanza, mpaka jambo liishe.

Tangazo hilo lilimpata mtu mmoja tu, maana wengine wa bondeni hawakuwa wakija. Lilimpata Debora, mama yake Shigela. Kila Jumapili Debora alikikwea kile kilima na fimbo yake, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, rozari mkononi. Siku ya tangazo aliinuka, akashika fimbo, akashuka. Hakupanda tena.

Teodori alikutana naye mtoni siku moja, wote wawili na ndoo. Debora alikuwa anapumua kwa shida. Akamweleza kwamba kifua kinambana, kwamba alibatizwa akiwa binti kule kwao, na kwamba kuna jambo moja tu linalomnyima usingizi.

"Baba Jenifa, mimi kufa siogopi," akasema. "Naogopa kufukiwa kimya kimya. Shigela mwanangu ni mtu mwema, lakini hata ishara ya msalaba anaanzia begani. Nani atanisomea?"

Teodori akasema, "Mm."

Akajaza ndoo yake akapanda. Njiani hakulifikiria tena jambo lile, ila halikutoka. Lilikaa tu mle ndani, kama mzigo ulioachwa chumbani na mtu aliyesafiri.

Machi ikafika. Machi kwetu ni mwezi wa matuta. Majani yakiwa marefu na udongo ukiwa bado na maji, tunayageuza na kuyafukia ndani ya matuta ya duara yaoze humo, yawe mbolea ya msimu ujao. Kwingine wananunua mbolea ya mfuko. Sisi tunaitengeneza kwa jembe na mgongo, na mahindi yetu mmeyaona wenyewe sokoni Sumbawanga, hayahitaji mtu wa kuyasifu.

Tangu mama yake afariki, Jenifa, binti yao aliyeolewa Izia, ndiye aliyebaki badala ya shati. Kila Jumamosi jioni alimpigia baba yake, na simu ikilia Teodori alijua kesho ni kengele. Simu yenyewe ilikuwa kitochi, tarehe yake imesimama kwenye mwaka ambao Jenifa alikuwa bado anakwenda shule. Wiki hiyo Jenifa alikuwa na safari ya harusi huko Kate. Akaogopa kukosa mtandao, akapiga Alhamisi, akamweleza baba yake vizuri kabisa kwa nini anapiga mapema. Baba yake akasema mm.

Ijumaa asubuhi Teodori akavaa shati, akaenda kwenye mkaratusi, akapiga.

Mashambani majembe yakasimama. Wanawake wakakaza khanga viunoni, wanaume wakaacha matuta nusu, watu wakapanda na tope miguuni wakiulizana njiani nani katangulia. Mmoja akamtaja mzee fulani aliyekuwa anaumwa, na mzee huyo huyo akatokea kwenye kona amebeba jembe, naye anauliza nani katangulia. Walipofika kanisani wakamkuta Teodori amesimama peke yake na nondo yake, shati safi, anatazama mlima.

"Nani katutoka?" Eustace aliuliza. Kofia alishaivua.

Teodori akaitazama kofia mkononi mwake, akayatazama matope miguuni mwa watu. "Hakuna," akasema. "Hiyo ni ya kwanza. Nangoja nipige ya pili."

"Ya pili ya nini?"

"Ya ibada."

Bibi Albina, ambaye umri wake unamruhusu kumchokoza hata padri, akaketi kwenye jiwe akashika magoti yake. "Jumapili ya wapi hiyo, mwanangu? Au kwako mmefungua ya kwenu?"

Ikaanza kicheko kidogo, kikasambaa. Mtu mmoja akasema wamshukuru Mungu hajapiga Krismasi wakati wa palizi. Mwingine akashauri apimwe mapigo, pengine ni yeye aliyekufa na hakuna aliyemwambia. Teodori aliyasikia yote, na hili la mwisho akaona lina ukweli kiasi. Hayakumuuma. Alikuwa anafikiria kwamba itabidi avue shati akatafute jembe.

Eustace akarudisha kofia kichwani na kuanza hotuba. Kijiji kizima kimeacha kazi, udongo hauwangoji, na kuna watu wakipewa hata kipande cha chuma cha kushika hawaaminiki. Alikuwa ndiyo kwanza anapasha moto sauti alipoona macho ya watu yamehama kutoka kwake. Yanatazama njia ya bondeni.

Shigela alikuwa anapanda, mbio za mtu mzima, zile za kutembea kwa nguvu. Alipofika akalaza fimbo chini, akavua kofia yake, akachuchumaa mbele ya watu wote. Akawaamkia wazee shikamoo. Wachache wakaitika.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Mayu amefariki alfajiri hii." Mayu ni mama kwa lugha yao. "Nilikuwa nimekaa mlangoni, sijui nianzie wapi kuja kuwaambia, na vile tulivyo sisi na ninyi. Nikasema basi, tutafukia wenyewe. Ndipo nikasikia kengele."

"Sijui nani amewaletea habari," Shigela akaendelea. "Lakini nimesikia. Ndugu zangu wamesikia, na watoto. Nikawaambia, hiyo ni ya mayu. Wamempigia."

Hapo ndipo kila mtu alipopata kazi ya kufanya na macho yake. Mmoja alichunguza kucha, mwingine akahesabu bati za kanisa kana kwamba ataulizwa. Eustace akafungua mdomo, na bibi Albina, bila kuinuka kwenye jiwe, akanyoosha fimbo yake na kuiegemeza juu ya kidole cha mguu cha mwenyekiti. Eustace akafunga mdomo.

"Pole, mwanangu," Albina akasema. "Pole sana."

Wengine wakafuata, pole, pole, kwa sauti ya chini. Teodori naye akasema pole. Aliikumbuka ndoo ya Debora, na swali lake, na jibu alilompa. Akangoja kitu kimchome. Hakikuja kitu.

Shigela akashukuru tena, kisha akauliza nani atakayekuja kusali, ili wajue wachimbe wakimngoja. Swali lenyewe lilikuwa hilo hilo la mtoni, isipokuwa sasa limeulizwa mbele ya watu. Na jibu lilikuwa gumu, maana Adolfu alikuwa Sumbawanga kwenye semina ya makatekista. Wakampigia simu, wakaiweka sauti kubwa. Adolfu akasema hawezi kufika kabla ya kesho jioni, na marehemu hawezi kungoja huko chini bila barafu wala nini. Kitabu cha maziko kiko kwenye kabati la sakristia. Wampe mwenyekiti.

"Mimi siendi," Eustace akasema. Hakusema kwa jeuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa. "Mbele ya huyu mtu nitasali nini? Mahindi yangu yote. Nikisimama pale nitakuwa naigiza. Mungu anapenda maigizo?"

"Basi hapo yupo nani mwingine anayeweza kusoma?" simu ikauliza.

Vijana waliosoma wote walikuwa mjini, au walikuwa hapo hapo na ghafla wamesahau kwamba walisoma.

"Teodori anasoma," bibi Albina akasema.

"Teodori?" Simu ikakaa kimya mpaka wakadhani salio limekwisha. "Haya," ikasema mwishoni. "Mwambieni asikimbie. Aende pole pole, aweke kidole."

Eustace akamgeukia Teodori. Tusimdhanie vibaya, alikuwa anatafuta mwenzake wa kukasirika naye. "Na wewe utakwenda? Si walikula shamba la marehemu mkeo? Mahindi ya Salome mwenyewe?"

"Walikula," Teodori akasema.

"Na?"

Teodori akatafuta. Kwa kweli alitafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni mbele ya kondakta anayengoja nauli. Alitafuta hasira, akatafuta huruma, akatafuta hata woga wa kusimama mbele za watu. Mifuko yote ilikuwa mitupu. Kilichobaki ni kwamba kuna mama mmoja aliuliza nani atamsomea, na hakuna mwingine aliyebaki.

"Walikula tu," akasema, akaingia sakristia kuchukua kitabu.

Mtu anayesimulia habari za kuitwa na Mungu huwa na ndoto ya kueleza, au sauti, au walau kijasho. Teodori hakuwa na kitu cha aina hiyo. Alipotoka na kitabu alichokiona ni kwamba jalada lina vumbi, akalifuta kwa mkono wa shati.

Wakaanza kushuka, Shigela mbele, Teodori nyuma yake, na nyuma zaidi bibi Albina na wanawake waliopitia nyumbani kuchukua unga na kuni, maana msibani hatuendi mikono mitupu hata kama tumegombana na wenye msiba. Njia ya bondeni ni nyembamba na siku hiyo ilikuwa inateleza. Walipopita kwenye shamba lililoliwa, ambalo sasa lilikuwa majani matupu, Shigela akageuza uso upande mwingine. Teodori akaona amegeuza uso. Akaona haifai mtu huyu abebe pia uongo, juu ya mengine aliyobeba.

"Baba," akauambia mgongo wake, "kengele ile sikumpigia mama yako. Nilikosea siku. Nilidhani ni Jumapili."

Shigela akaendelea kutembea. Miguu yake mirefu haikupunguza wala haikuongeza. Wakavuka mto, wakapanda ukingo wa pili, nyumba za bondeni zikaonekana na moshi wake. Teodori alikwisha kudhani hakusikika.

"Lakini imelia," Shigela akasema.

Hakugeuka. Wakaingia uani.

Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa nyuma ya zizi na ndugu za Shigela, ambao kuchunga wanajua lakini kuchimba, Mungu awabariki, hawajui. Shimo lilikuwa limepinda kama samaki. Watu wa kijiji waliosimama pembeni walianza kuumia macho. Ndipo Eustace akatokea na jembe lake na sepetu begani. Hakumsalimia Shigela, hakumsalimia mtu. Akaruka ndani ya shimo, akasema kwa jumla kwamba mama wa watu akilazwa, alazwe paliponyooka, akaanza kukata pembe. Baada ya muda ndugu mmoja wa Shigela akashuka upande wa pili, na wakachimba hivyo, mmoja huku mmoja kule, udongo wao ukikutana juu kwenye rundo moja. Kuna watu hadi leo wanabisha kama Eustace alikwenda kwa toba au kwa sababu shimo bovu lilimkera. Yeye akiulizwa anasema la pili.

Mchana wakamshusha. Shigela akamtazama Teodori. Watu wote wakamtazama.

Teodori akafungua kitabu, akaweka kidole, akasoma. Darasa lake lilikuwa la nne na macho yake yalikuwa ya mzee, kwa hiyo kila neno lilitoka peke yake, kama ng'ombe wanaopita mlango mwembamba wa zizi. Vitabu vyetu vya sala panapotakiwa jina la marehemu huandika herufi F peke yake, ili msomaji aweke jina. Teodori alifika hapo, akasoma kilichoandikwa. Akamwombea mtumishi wa Mungu aitwaye Efu, afunguliwe milango ya mbinguni. Watu wa kijiji wakauma midomo yao kwa ndani wasicheke. Bibi Albina akasogea karibu na sikio lake.

"Debora," akamnong'oneza. "Palipo na Efu sema Debora."

Teodori akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "Mtumishi wako Debora," akasoma, kwa sauti ile ile kavu. Akaendelea, na kila alipofika kwenye ile herufi alisimama kidogo, akavuta pumzi, akasema Debora. Hakupamba, hakutetemesha sauti kama Adolfu anavyofanya kwenye maziko ya wakubwa. Aliporudia jina lile mara kadhaa, wanawake wa bondeni wakaanza kulia, kisha wa kijijini wakalia nao. Mwishoni alikuwa ni Teodori peke yake asiyelia, amesimama kwenye ukingo na kidole kwenye ukurasa, anangoja wapungue ili amalizie.

Akamalizia. Akafanya ishara ya msalaba pole pole, na Shigela upande wa pili wa kaburi akawa anamtazama mkono na kuufuata: paji la uso kwanza, halafu kifua, halafu mabega.

Wakala ugali kwa maziwa ya mgando, wakapanda kurudi. Njiani bibi Albina alimshika Teodori mkono kwa sababu ya utelezi, na pia kwa sababu alikuwa na neno. Akamwambia kwamba yeye, siku yake ikifika, asomewe na Teodori, si mwingine, ila kwanza akanunue miwani. Teodori akasema mm. Albina akamwambia mm si jibu la kumpa mwanamke anayekufa. Teodori akafikiri. "Nitakuja," akasema.

Habari ikamfikia padri kabla barabara haijakauka. Alipokuja, baada ya misa, akamwita Teodori pembeni ya kanisa. Akamweleza kwamba eneo ni kubwa, wagonjwa ni wengi, Adolfu ni mmoja. Anataka mtu wa kuwafikia walio mbali: wa bondeni, wa ng'ambo ya mlima, waliogombana na kigango na ambao kigango kimegombana nao. Kukaa na wagonjwa, kusali nao, kusoma kwenye maziko asipopatikana mwingine.

Teodori akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kile ambacho hakuwahi kukisema kwa ukamilifu kwa mtu yeyote, hata kwa Jenifa.

"Padri, mimi ndani hakuna kitu. Nikisali sisikii. Tangu Salome. Hata siku ile kwa Debora sikusikia, nilisoma tu. Ukinituma mimi umetuma nyumba ambayo haina mtu."

Padri alikuwa kijana bado, mwenye haraka ya pikipiki, na tulitegemea atatoa mstari wa Maandiko. Hakutoa. Akamtazama miguuni muda mrefu.

"Una buti?" akamuuliza. "Lile bonde masika ni tope tupu."

Teodori akasema hana. Padri akavua zake za mpira alizoendeshea pikipiki, akamjaribisha, zikamtosha vizuri kuliko zilivyomtosha mwenyewe. Akarudi parokiani kwa kandambili, na baridi ya huku juu mnaijua.

Toka siku hiyo Teodori anakwenda. Hakuna aliyemwona ameng'aa uso. Watu waliotegemea kwamba baada ya kuitwa atakuwa mwingine wamechoka kutegemea. Ni yule yule, anaitika mm, anaulizia unga. Ila anafika. Kwa wenye kesi na kigango anafika, kwa walevi anafika, kwa wasiojua hata jina la mtakatifu wa kigango chetu anafika, anakaa, anasoma kwa kidole.

Majuzi Meshack, mkulima wa ng'ambo ya mlima, alikuja kumwomba aende kwa mkewe. Rahel alikuwa ameugua muda mrefu, amebaki mifupa na macho. Teodori akamkuta amelazwa karibu na dirisha ili aone jua. Akavua buti mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akatoa kitabu. Rahel akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ukali ulikuwemo. "Wewe ukisali, unamsikia?"

Meshack aliyesimama mlangoni akaona aibu kwa niaba ya mgeni. Teodori hakuona aibu. Alitafuta jibu lingine kwa sababu ya hali ya mgonjwa, akakosa.

"Hapana," akasema. "Simsikii."

Rahel akafumba macho. Walidhani amekasirika. "Wanaomsikia wamekuja wengi," akasema. "Wakaimba, wakatoka jasho, wakaniambia nitasikia na mimi. Kisha wakaondoka." Akapumzika kidogo. "Mimi sisikii kitu toka mwaka jana. Nilidhani niko peke yangu."

"Hapana," Teodori akasema tena.

"Basi kaa."

Teodori akavuta kigoda karibu na kitanda, akafungua kitabu magotini, akaweka kidole. Akasoma. Jua lilipohama dirishani alikuwa bado anasoma, na Rahel, macho ameyafumba, alikuwa anaitikia.